Jiko Chini ya Kitanda

Harufu ya mkaa unaoanza kushika moto bado hunisumbua. Nikipita nyuma ya soko la Ukunda na mtu anapepea jiko lake, mara nimerudi Kikoneni, msimu wa mvua, Mama akiwa ndani ya arobaini yake baada ya kumzaa mdogo wangu.

Baba alikuwa mchoma mkaa. Alipanga magogo, akayafukia kwa majani na udongo, kisha akashinda akilizunguka tanuri na kuziba nyufa. "Moto ukipata hewa, utatuachia jivu," alizoea kutuambia. Tuliijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma.

Kwetu mzazi hakai baridini. Nyanya, mamake Mama, aliwasha jiko uani, akangoja moshi uishe wote na makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza chini ya kitanda. Alikuwa mwangalifu, jamani, msimdhanie vingine. Alichokiogopa ni moshi, na moshi haukuwapo. Akafunga dirisha, maana upepo humwingia mzazi.

Mama akalalamika kichwa kinamgonga. Nyanya akasema ndio upepo huo huo. Akatafuta tundu ukutani, akaliziba kwa kitambaa, akavuta mlango na kwenda jikoni kumpikia uji.

Baba alirudi adhuhuri, ameloa chapachapa. Alimwita Mama, kimya. Akausukuma mlango, akawatoa wote wawili nje, mvuani. Mama alizinduka akitapika. Mdogo wangu hakuzinduka.

Nyanya alijilaumu miaka nenda miaka rudi, akisema lilikuwapo tundu jingine ambalo hakuliona.

Nilikuja kuelewa darasani, Msambweni. Mwalimu alieleza kwamba moto ulionyimwa hewa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia damuni na kuchukua nafasi ya hewa. Nikamkumbuka Baba na nyufa zake. Chumba cha Mama kilikuwa kimezibwa vile vile. Nililia, na mwalimu hakujua kwa nini.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Nyanya alikuja, mkongwe, jiko mkononi. Nikamsihi aliache uani, nikafungua dirisha. Akanyoosha mkono alifunge.

"Mjukuu wangu, upepo ndio uliomchukua yule. Utaniulia kitukuu changu."

Ukweli ulinifika ulimini. Ningemwambia nini, mtu aliyebakiza siku chache za kuishi?

"Nyanya, naona joto tu," nikasema. "Liache wazi, nakuomba."

Hakubisha. Alivuta kigoda hadi dirishani, akakaa akiukinga upepo kwa mgongo wake mpaka mtoto alipolala.