Orpa na Mvua ya Maharagwe

Orpa aliingia dukani kwa Kitsa akiwa na kipande cha bati kwapani na mfuko wa maharagwe mkononi. Kitsa, ambaye ameuza vyombo vya muziki Butembo kwa miaka kumi na sita, akadhani mama huyu amekosea mlango.

"Mama, bati, manjanja, banauza kule mbele," akamwambia. "Na maharagi ni ku soko."

"Najua. Miye nakuja kununua micro."

Nilikuwa nimeketi juu ya sanduku la spika karibu na mlango. Ilikuwa siku yangu ya tatu nikingojea gari la kwenda Beni, na duka la Kitsa lilikuwa limegeuka baraza yangu. Nimepita maduka mengi katika miji mingi, nikaona watu wakijaribu maikrofoni kwa lugha saba au nane, na wote hufanya jambo lile lile: huipuliza, huigonga kwa kidole, kisha huhesabu mpaka tatu. Sikuwahi kumwona mtu aliyekuja na bati lake.

Orpa ni fundi cherehani. Alizaliwa Kamango, akaolewa Butembo, na kwa miaka ishirini ameshona sare za kwaya. Si kazi ndogo. Katika miji hii miwili, Butembo na Beni, kila kanisa lina kwaya, na mengine yana nne: ya akina mama, ya vijana, ya watoto, na ya wale waliogombana na vijana. Kwaya ikija kupimwa nguo, mmoja hunyoosha mikono, wengine husubiri kwenye benchi, na kabla ya dakika tano wote wanaimba. Siku moja Orpa aliwarekodi kwa simu yake, akawatumia. Wakamwomba tena. Kwaya nyingine zikasikia. Baada ya mwaka mmoja chumba cha kupimia nguo kilikuwa studio.

Ni chumba cha kwenda kujionea mwenyewe. Mabaki ya vitambaa ya miaka ishirini ameyashona yakawa mablanketi mazito, akayatundika kwenye kuta zote nne na chini ya paa. Mwimbaji akiingia, kwanza hutafuta rangi ya sare ya kwaya yake. "Sisi tuko pale," husema akionyesha kwa kidole, "pembeni ya dirisha, chini ya kitambaa cha ba-Maman ba Vulengera."

Lakini juu ya vitambaa kuna bati, na juu ya bati kuna mvua ya Butembo. Mwezi wa tatu kwaya moja ilikuja kutoka Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, waimbaji kumi na wawili wakiwa wamebanana nyuma ya pikapu. Waliimba vizuri. Mvua nayo iliimba. Simu ya Orpa ilichukua vyote viwili bila ubaguzi, na wimbo uliofika Mutwanga ulikuwa kama umerekodiwa ndani ya sufuria ya kukaangia mahindi.

Kiongozi wa kwaya hiyo, Eliezer, mwalimu mrefu asiyecheka haraka, alimtumia ujumbe ambao Orpa ameuhifadhi mpaka leo. Alinisomea: "Mama Orpa, tunakuheshimu. Lakini huku batu banatuuliza kama tuliimba chini ya chute d'eau, maporomoko ya maji. Tutarudi mara moja. Kama nasikia mvua tena, tutavuka mupaka wa Uganda, Kasese kuko studio."

Siku ya kurudi ilikuwa Alhamisi, na siku aliyoingia kwa Kitsa ilikuwa Jumanne. Kwaya huzungumza zenyewe kwa zenyewe zaidi kuliko wafanyabiashara. Kama Mutwanga wangevuka mpaka, wengine wangewafuata kabla ya Pasaka, na Orpa angerudi kwenye vifungo na zipu.

Jumanne hiyo hakuja dukani peke yake. Nyuma yake alikuwa Sadrack, mdogo wa mume wake, anayepiga video za harusi, na Sadrack alikuwa ameshasimama mbele ya kabati la kamera kama mtu aliyesimama mbele ya mchumba. Pesa ya Orpa ilitosha kitu kimoja: kamera kubwa ya begani, au vyombo vya sauti.

"Shemeji, sikiliza," Sadrack akasema. "Batu habalipe masikio, banalipa macho. Mutu akiona kamera kubwa ku bega yangu, ananyoosha shingo, anatengeneza kola, analipa."

"Kamera kubwa tuko nayo."

"Ile ilikufa."

"Ilikufa, mais iko kubwa."

Orpa akamgeukia Kitsa na kuomba aonyeshwe maikrofoni zake.

Kitsa akaanza na iliyo bora, kama wauzaji wote. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imelala kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu ndani.

"Hii inasikia vyote," alisema kwa sauti ya chini. "Inasikia mpaka mbu akinawa uso."

"Njo shida yenyewe. Mbu hajanilipa hata siku moja. Na ile nyeusi?"

"Ile? Ile ni ya batu ba kutangaza ku soko. Usipoisogelea, haikujue."

"Leta zote mbili. Nipime."

"Mama, soma ku mur."

Ukutani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: kitu kikitoka dukani hakirudi. Ndiyo maana alileta bati. Fundi wa nguo hamwambii mtu achukue gauni, akaone nyumbani kama litamtosha. Orpa hakuweza kuipeleka maikrofoni kwenye mvua yake, basi aliileta mvua kwa Kitsa.

Alipanga kila kitu kama anayetayarisha meza ya kukatia. Maikrofoni kwenye stendi, kinasa sauti pembeni, bati juu ya viti viwili karibu na stendi. Kisha akanitazama.

"Weye mugeni, hauna kazi. Mwanga maharagi ku bati."

Nikayamwaga polepole, nikiogopa yasisambae.

"Hapana kama mutu anapanda shamba," akasema. "Mvua ya Butembo haiombe ruhusa."

Nikamwaga kwa nguvu. Kelele ikajaa dukani, na watu wakaanza kusimama mlangoni. Ikakosekana sauti ya kuimba. Sadrack alisema koo linamuuma, jambo ambalo lilianza dakika ile ile. Orpa akamsogezea Kitsa stendi.

"Miye?" Kitsa akauliza. "Miye ndiye muuzaji."

"Uko sauti ya besi ku chorale ya parokia. Suruali yako nilishona miye, nakumbuka mpaka kiuno."

Watu wa mlangoni wakacheka, na Kitsa akaona kuimba kuna aibu ndogo kuliko kuendelea kuzungumzia kiuno. Akaanza kwa sauti ndogo. Ana sauti nzito ya kupendeza, nayo ilikua huku maharagwe yakinyesha, mpaka akafumba macho na kusahau kwamba kuna mama mmoja nje anayetaka kununua betri. Tulifanya mara mbili, kwanza na ya dhahabu, kisha na nyeusi. Kisha Orpa akavaa hedifoni, akasikiliza, akazitoa, akampa Kitsa.

Kitsa alisikiliza ya dhahabu kwanza, uso ukamkunjamana. Baadaye alinipa na mimi. Ya dhahabu ilikuwa imesikia vyote kweli: maharagwe yalianguka kama lori linalomwaga kokoto, pikipiki ya barabarani ilipita katikati ya ubeti wa pili, na Kitsa alikuwa mtu anayeimba upande wa pili wa kokoto. Katika ile nyeusi Kitsa alikuwa karibu, unasikia hata akivuta pumzi, na maharagwe yalikuwa mbali, kama panya kwenye dari ya jirani.

"Mais ile ingine ni ya bien zaidi," Kitsa alisema, akiumia kidogo.

"Ni ya bien kwa nyumba ya mutu mwingine. Nipe nyeusi mbili na hii ya kurekodi."

"Na maharagi?"

"Upike. Umeimba muzuri."

Alhamisi nilikuwa bado Butembo. Orpa aliniambia pikapu ya kwaya itarudi kupitia Beni na nafasi haikosekani, kwa hiyo nikapanda kilima hadi kwake asubuhi na mkoba wangu. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mji. Watu wa Mutwanga waliwasili saa nne, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na dereva akasema kabla hajazima injini kwamba saa nane kamili anaondoka, amalize barabara yote na mwanga.

Ndani, ile kamera kubwa iliyokufa ilikuwa imesimama kwenye miguu yake mitatu, imefutwa vizuri. Juu yake Orpa alikuwa amefunga simu yake kwa mpira wa cherehani. Nyuma yake alisimama Sadrack, jicho moja limefumbwa, uso wa mtu anayefanya kazi ngumu.

Eliezer akaizunguka. "Mama Orpa, inapiga ni gani?"

"Ile ndogo."

"Na ile kubwa?"

"Ile inasaidia batu basimame wima."

Eliezer akawatazama waimbaji wake. Kweli, walikuwa wamenyooka, na wawili walikuwa wanatengeneza kola.

Orpa akawagawa sita kwa sita, kila kundi limeizunguka maikrofoni yake kwa karibu, kama watu wanaoota moto. Wakaimba ubeti wa kwanza. Akainua mkono, wakanyamaza. Uso wake haukuwa mzuri.

"Nini?" Eliezer akauliza, akitazama juu. "Hainyeshi bado."

"Si mvua. Ni chini. Nasikia mutu anatwanga."

Tukasikiliza wote. Kwaya za huku haziimbi zimesimama kama nguzo. Zinayumba, hatua moja kushoto, hatua moja kulia, na sakafu ya Orpa ni ya mbao. Jozi kumi na mbili za viatu vya Jumapili zilipanda kutoka mbaoni mpaka kwenye stendi na kuingia kwenye wimbo. Alikuwa amepima mvua na sauti, na hata kiuno cha Kitsa alikikumbuka. Miguu hakuipima.

"Tusimame bila kuyumba," akasema Eliezer.

Wakajaribu. Wimbo ukatoka umekauka, kama wanasoma tangazo. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akasema yeye bila mguu hajui aingie wapi. Ilikuwa saa sita na nusu.

Orpa akafungua mlango. "Viatu inje. Vyote. Hata vya Sadrack."

"Miye siimbe."

"Weye unatembeatembea."

Wakavua, wakavipanga vizuri kwenye ngazi, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kuweka hata leso. Orpa akatandika blanketi mbili zilizobaki juu ya mbao. Wakaanza tena, soksi na vidole vikiyumba juu ya sare za kwaya nyingine, na sasa wimbo ulikuwa na mwili.

Katika ubeti wa tatu mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilianguka yote kwa pamoja, na bati likanguruma juu ya vitambaa. Nikaona macho ya waimbaji yakipanda darini, mmoja baada ya mwingine. Mkono wa Eliezer uliokuwa ukiongoza ukapungua, ukakaribia kusimama. Akamtazama Orpa.

Orpa alikuwa amefumba macho chini ya hedifoni. Aliinua kiganja na kukizungusha: endeleeni.

Wakaendelea, wakasogea zaidi kwenye maikrofoni, karibu wagusane vichwa, na wakaimba mpaka mwisho, na baada ya mwisho hakuna aliyepumua mpaka Orpa alipobonyeza kitufe. Alivua hedifoni na kumpa Eliezer.

Mwalimu alisikiliza wimbo wote, ameinamisha kichwa, kidole kimoja kikigonga paja. Mvua iliendelea kutupigia kelele sisi wengine. Orpa alikuwa akifungua na kufunga mkasi ambao hakuwa na kazi nao. Wimbo ulipokwisha, Eliezer aliurudisha mwanzoni mwa ubeti wa tatu na kusikiliza tena.

"Mvua iko," alisema hatimaye.

Mkasi ukasimama.

"Iko mbali sana. Kama mutu anapepeta muchele kwa jirani." Akavua hedifoni, na nikamwona akicheka kwa mara ya kwanza, kwa upande mmoja wa mdomo. "Huyo jirani tunaweza kumusamehe. Tumalize zile zingine tatu. Kasese iko mbali."

Walimaliza saa nane kasoro kidogo, dereva akiwa anapiga honi. Mtu wa kwanza kufungua mlango alisimama palepale, na walio nyuma wakamgonga. Kwenye ngazi viatu vilikuwa bado vimepangwa vizuri, jozi zote, kila kimoja kimejaa maji mpaka juu. Katika kimoja cha Sadrack lilikuwa linaelea jani.

Eliezer akainua viatu vyake, akavimimina polepole, kimoja kimoja.

"Mama Orpa," akasema, "mvua uliitoa ku wimbo, ukaitia mu viatu."

Orpa alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi iliyolowa. Kisha akaingia ndani, akatoka na lundo la mabaki ya vitambaa vikavu, akampa kila mtu kipande cha kufutia miguu. Mmoja aliuliza kama ni cha kurudisha.

"Kurudi mutarudi nacho," akajibu. "Musipokuja, nitakitafuta mpaka Mutwanga."

"Wasingya, Mama," wakamshukuru kwa Kinande, wakapanda pikapu miguu mitupu.

Nilipata nafasi kati ya wawili wa sauti ya nne, viatu vilivyolowa vikiwa vimening'inizwa kwa kamba zake ubavuni mwa gari. Tulipoteremka kilima, Sadrack alikuwa bado mlangoni akimimina kiatu cha pili. Kabla hatujatoka mjini wakaanza kuimba, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuwakataza, walipiga miguu kwenye bati la pikapu kwa nguvu zote, njia nzima, mpaka Beni.