Eda ya Rukia

Nilitoka Voi kwa sababu chekechea ninakosaidia kulea watoto ilitaka mtu mwenye cheti cha kazi hiyo, nami cheti changu kilikuwa kimoja tu, cha kidato cha nne. Hayo ndiyo niliyowaambia majirani. Sababu ya pili ni kwamba chuo kilikuwa kisiwani Mombasa, na kisiwani ndiko nilikozaliwa, katika nyumba za reli, baba yangu akiwa fundi wa mabehewa. Mama alifariki huko nikiwa mdogo. Mimi niliambiwa amesafiri. Nikapelekwa Taita kwa nyanya, nikamngoja, hadi siku moja binamu yangu, tukigombania zamu ya maji kisimani, akanitolea ukweli ili anishinde. Tangu hapo sijaweza kutulia mahali. Nimeuza vitunguu Taveta, nimekata mkonge Mwatate, nimepika katika mikahawa ya Kibwezi na Malindi, na kila mji niliofika nilitazama nyuso za wanawake kwanza, mji baadaye.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la Mwadime, mtu wa kwetu, aliyekuwa akirudi bandarini na kontena tupu. Mariakani tulisimama kwenye foleni ya mizani, nikashuka. Niliporudi alikuwa akinicheka.

"Wakio, kila tukisimama unashuka kukagua watu kama askari wa trafiki. Kuna aliyekukimbia?"

"Natafuta mahindi."

"Mwenye mahindi si huyu hapa, amening'inia dirishani kwangu?"

Nilinunua mahindi ambayo sikuyataka, tukaendelea.

Tulipovuka Makupa kuingia kisiwani nilitoa kichwa dirishani. Nilidhani ningeitambua harufu ya kisiwa, lakini Shimanzi ilinuka grisi na nafaka iliyolowa, na malori yalijipanga kando ya maghala hadi macho yakachoka. Mwadime aliniteremsha langoni mwa yadi yao. Nikachukua tuktuk hadi Mji wa Kale.

Mchana huo nilipokewa Kibokoni na Mwalimu Swafiya, mwanamke wa makamo ya mama yangu kama angekuwa hai. Chumba cha chini cha nyumba yake ni chekechea ndogo, na chuo kilikuwa kimenipangia nifanye mazoezi ya kufundisha kwake. Asubuhi ningekuwa na watoto, alasiri ningekwenda darasani chuoni, upande wa Mbaraki, na usiku ningelala ghorofani kwake. Nilipoanza tu kuuliza habari za kazi, alininyoshea kiganja.

"Salamu kwanza, mwanangu. Umeamkaje? Watu wa Voi hawajambo? Joto letu umelionaje?"

Tulisalimiana mpaka chai ya tangawizi ikapoa. Baadaye nilielewa kwamba hata watoto alikuwa akiwapokea vivyo hivyo, mmoja mmoja, mlangoni, na kwamba mtoto asiyeitikia alimjua tayari kuwa ana jambo.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Chuoni tulifundishwa kuketi chini ili macho yetu yawe kimo cha macho ya mtoto, na kuuheshimu mchezo wake, kwa sababu humo ndimo anamosema asiyoweza kuyasema. Niliyaandika yote. Lakini kuandika ni kitu kimoja.

Katika pembe ya darasa palikuwa na jamvi, vyungu vidogo na pazia kuukuu, mahali pa watoto kucheza nyumba. Humo aliketi Rukia, mtoto wa miaka mitano, kila siku, amejifunika leso hadi kichwani. Hakupika, hakulea mwanasesere. Wenzake walipomwita hakuitikia. Nikaona huyu ni mpweke, na mimi ni mwalimu. Asubuhi moja nikamshika mkono nimtoe.

"Twende tukacheze uani na wenzio."

"Niwache, Mwalimu. Niko edani."

Nilimvuta hata hivyo. Hakulia, alifunika uso kwa leso, kwa haya, kama mtu mzima. Mwalimu Swafiya alikuwa akitutazama.

"Watu wa bara hamna adabu," aliniambia. "Umemtoa mtu edani." Alikuwa akinitania, lakini utani haukufika mbali. Akanikalisha, akanieleza. Baba yake Rukia alikuwa dereva wa malori ya masafa, na gari lake lilipinduka huko bara. Siku ya maziko mtoto alipelekwa Majengo kwa shangazi yake, akarudishwa matanga yamekwisha. Mama yake, Bi Munira, yuko ndani kwa eda ya mume, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajitii manukato.

"Na mtoto ameambiwa nini?"

"Ameambiwa mama yu edani. Mauti hatukuyataja. Tulisema atajijulia mwenyewe akikua."

Siku iliyofuata nilibisha hodi kwenye pazia lile, nikaomba ruhusa, nikaketi jamvini kando ya Rukia, kimya. Nilifanya hivyo siku kadhaa kabla hajanisemesha.

"Eda ya mama karibu inakwisha," alisema. "Ikiisha atajifukiza udi. Atavaa kikuba cha maua ya asumini."

"Vizuri."

"Halafu baba yuaja."

Nilimuuliza nani aliyemwambia hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

"Hakuna. Mama akijifukiza, baba huja. Siku zote."

Nikaelewa. Dereva kila alipokaribia nyumbani alipiga simu, na mke akatoa chetezo cha udi na kuagiza asumini. Mtoto alijifunza kwa pua kwamba harufu ile ikipanda ngazi, baba yuko nyuma yake. Na sasa wanawake wote wa nyumba ile, kwa kumbembeleza, walikuwa wakimhesabia siku za udi.

Ijumaa mchezo ulifika mwisho wake. Rukia alivua leso, akajipaka shingoni manukato yasiyokuwapo, akanisukuma nje ya pazia.

"Eda imekwisha. Wewe ni baba. Bisha hodi."

Nilisimama pale na mkono umeinuliwa. Nilifundishwa kumfuata mtoto katika mchezo. Pia nilifundishwa kutomdanganya. Ndani alikuwa akisema polepole, "Bisha, Mwalimu. Bisha basi." Sikubisha. Nikasema mwalimu ana kazi jikoni, nikaenda kusimama kwenye karo la vyombo bila kufungua maji.

Alasiri hiyo, Mbaraki, nilimuuliza mkufunzi wetu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Habari ya msiba ni ya wazazi. Mwanafunzi wa mazoezi asiitangulie." Ilikuwa kweli, na ilinibana, kwa sababu eda ilibakiwa na wiki moja.

Jumamosi baada ya alasiri Mwalimu Swafiya alinipeleka kwa Bi Munira. Tulipanda ngazi za giza, tukabisha, tukaambiwa karibu. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, amevaa dera lililopauka, vidole havina hina. Nilimpa pole, tukasalimiana kwa kirefu, kisha nikamsimulia mchezo wa pembeni mpaka mahali pa kubisha hodi.

Aligeuza uso, nikadhani amekasirika.

"Kila magharibi huniuliza zimebaki siku ngapi," alisema. "Nilidhani yuanihurumia mimi kukaa ndani." Akakunja pindo la dera. "Mwalimu, nyumba hii yote ni vilio. Yeye peke yake ndiye acheka akisikia lori barabarani. Wataka nimpokonye na hilo?"

Ya chuoni niliyaacha. Nikamwambia yangu: mama aliyesafiri, kisima cha Taita, na nyuso ninazozitazama mpaka leo nikiwa na mvi, ingawa najua.

"Ulipoambiwa, ulimchukia nani?"

"Wote walionyamaza. Aliyeniambia, ingawa alitaka kuniumiza, sikumchukia."

Mwalimu Swafiya alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Bi Munira aliinuka, akaenda kufunga dirisha la upande wa barabara.

"Msimwambie nyinyi," alisema. "Nitamwambia mimi. Wala siku ya kutoka sitajifukiza. Udi utangoja."

Jumatatu Rukia hakuja, wala Jumanne. Nilimwuliza Mwalimu Swafiya kama tumekosea. "Labda," alisema, na akaendelea kumenya viazi vya karai. Nilisikia kwa jirani kwamba mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, akaichungulia njia dirishani siku nzima, kisha akalala mapajani mwa mama yake.

Wiki iliyofuata, siku yangu ya mwisho, alikuja ameshikwa mkono na Bi Munira mwenyewe, ndani ya buibui lisilo na harufu yoyote. Mwalimu Swafiya aliwasalimu mlangoni, mama kwanza, kisha mtoto. Rukia aliitikia. Akaenda moja kwa moja pembeni, akaikunja leso mara nne, akaniletea.

"Usibishe tena, Mwalimu. Hakuna mtu yuaja."

"Najua, mwanangu."

"Hata wewe waenda zako?"

"Naenda kwetu Voi. Sirudi kesho. Naondoka leo, na nimekuja kukuaga."

Alifikiri. Akanishika shingo, akaninusa, kama aliyekuwa akihakikisha sina udi, akaniachia.

Jioni hiyo nilipanda tena lori la Mwadime, Shimanzi. Nilikuwa nimemaliza mazoezi, cheti kingefuata. Tulipita karibu na nyumba za reli na sikumwomba asimame. Mariakani foleni ilikuwa ndefu, na kina mama wa mahindi walikuwa wamejaa kando ya njia. Mwadime alizima injini, akanigeukia.

"Mbona leo hushuki?"

Nilishuka. Mazoea ya miaka mingi hayaishi kwa safari moja, na macho yangu yalishaanza kazi yao, uso huu, uso ule. Nilijikalisha juu ya jiwe, nikayaacha yatazame mpaka yachoke. Kisha nikasema kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia kwa upole, "Mama amefariki, Wakio. Harudi."

Mwenye mahindi akaniangalia, akaniwekea pole yake pamoja na chumvi na ndimu. Nikanunua mawili, moja la Mwadime, nikarudi garini.