Vyungu Vilivyopakwa Nta

Vyungu vinapochomwa Matema, ufuoni mwa Ziwa Nyasa, harufu yake hukaa kwenye nywele hadi kesho yake: majani makavu, kuni mbichi, na udongo unaotoa maji yake ya mwisho. Nimekulia ndani ya harufu hiyo. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wengi wa Kikisi wa ufuo ule, na kazi yetu mimi na dada yangu Tusekile ilikuwa kusugua vyungu kwa kokoto laini mpaka ving'ae. Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya vita, Wajerumani walipokuwa wakipigana na Waingereza ng'ambo ya mto Songwe. Chumvi ilikuwa imeadimika. Tulikula samaki wa kuchemsha wasio na ladha yoyote, tukalala tukilalamika.

Ndipo askari wa Wajerumani wakaja kuagiza vyungu vidogo, vinene, vyenye mdomo mwembamba. Walilipa kwa chumvi. Mama alipouliza ni vya kazi gani, askari mmoja kijana alicheka, akasema vitajazwa baruti na misumari, vifukiwe njiani kuwasubiri adui. Mama akaendelea kufinyanga. Waliporudi wakilalamika kwamba baruti inalowa, yeye ndiye aliyewapa dawa. Hakuna aliyemlazimisha. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alisema, "Baba, udongo mtupu unakunywa maji. Paka nta ndani, chungu kikiwa bado cha moto." Walipojaribu, ikafaa. Nakumbuka uso wake siku ile ulivyong'aa kwa furaha ya fundi aliyepatia. Hata mistari yake ya mawimbi aliichora shingoni mwa vile vyungu, kama alivyochora kwenye vyungu vya mboga. Mkono wake haukujua kuacha. Sisi tulivisugua, jioni tukalamba chumvi viganjani, tukacheka.

Vita ikahama. Vyungu havikuhama. Wakati wa kuvuna mpunga alikuja mtu kutoka Ngonga, mume wa Mama Lugano, mwanamke aliyekuwa akibadilishana nasi mchele kwa vyungu kila mwaka na kunifungia wali kwenye jani la mgomba. Alimsalimu mama kwa adabu zote, akaketi, akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na kigae chenye mistari ya mawimbi.

"Mama Tusekile," alisema, "mwenzako alikuwa anakwenda shambani. Njia ile ile ya siku zote. Hiki tulikiokota pale alipoangukia. Nimekuja uniambie kama ni chako."

Mama angeweza kukana, kwa kuwa wafinyanzi walikuwa wengi. Alikipokea kwa mikono miwili. "Ni changu," alisema. "Na ile nta pia ni yangu." Yule mtu hakuelewa habari ya nta, wala hakuuliza. Alikataa maji, akaondoka. Mama akamwaga ziwani chumvi iliyobaki. Mimi nililia. Mpaka leo naona haya kwamba nililia kwa ajili ya chumvi.

Aliendelea kufinyanga, maana tulihitaji kula. Lakini kila msichana aliyekuja kujifunza alipewa kwanza kile kigae akishike, aambiwe kilikotoka, ndipo apewe udongo. Wengine waliogopa, hawakurudi.

Sasa mimi ni bibi. Juzi mjukuu wangu aliniletea redio, ikatangaza bomu moja linaloweza kufuta mji mzima, na watu wengine bado wanatafuta namna ya kulifanya liwe na nguvu zaidi. Mjukuu akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Bibi, hao watu wana akili!" Nikamwambia sina shaka na akili zao. Nikamwuliza kama wana watoto, na wakirudi nyumbani jioni wanawaambia walikuwa wakifanya kazi gani. Akasema redio haikutaja.