Nilivyomshtaki Mume Wangu kwa Shilingi Nane

Hii aibu nitaisema mwenyewe kabla hamjaisikia pale bombani mbele ya mlango wangu, kwa sababu bombani inasimuliwa vibaya, eti siku hiyo nilikuwa nimeonja kitu. Sikuwa nimeonja chochote. Nilikuwa nimekasirika, na mpaka sasa nimekasirika, na kama unatafuta mtu aliyeaibika halafu akajifunza kujicheka, jaribu mlango wa pili.

Mimi nasuka nywele hapa nyumbani Makongeni. Mume wangu, Baba Zawadi, anafanya kazi kiwandani, na ugomvi wetu ni huu: anatuma pesa kwa simu halafu hatumwoni. Jumamosi yuko uwanjani, Jumapili yuko kwa marafiki wakizungumza yaliyotokea uwanjani, na akirudi mtoto anajificha nyuma yangu kama ameona daktari wa chanjo. Nikilalamika ananiambia, "Si natuma?" Hilo neno moja, si natuma, linanifunga mdomo kila mara kwa sababu kweli anatuma, na mimi nani atanihurumia nikisema nina mume anayetuma.

Basi nikajiambia, wacha nimshinde hapo hapo kwenye kutuma. Nilikuwa nimenunua kompyuta Eastleigh, iliyotumika ng'ambo, kioo kimeingia doa kwenye kona, na muuzaji akaniapia, "Hii ni safi, mama, imetoka Ulaya moja kwa moja. Wewe usiguse setingi tu." (Na mimi, mtu ambaye hata nikiambiwa chuma ni moto lazima niguse, siku hiyo nikatii.) Nikaweka programu ya hesabu za nyumbani. Ilipofunguka mara ya kwanza iliniuliza niko nchi gani na namba ziandikwe vipi, na wakati huo Zawadi alikuwa amekaa kwenye poti akilia kwamba amemaliza, nikabonyeza "Endelea" bila kusoma, nikaenda kumpangusa. Hicho ndicho kidole kilichoniua.

Kila jioni nikawa naandika. Pesa yangu ya kusuka niliiandika hivyo hivyo, 400, 650, 800, kwa sababu kichwa cha Makongeni hakifiki elfu hata ukisuka mpaka nyusi. Pesa ya Baba Zawadi niliinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu kama ilivyo, na simu inaandika 8,000 na mkato wake katikati. Mwisho wa mwezi programu ikanichorea duara. Mimi nilikuwa rangi ya kijani, duara karibu lote. Yeye alikuwa kamstari kekundu kembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

Naapa nilikaa mbele ya lile duara nikalia kwa furaha. Kumbe huyu mtu ndiye ananiambia si natuma.

Mtu mwenye akili angemuuliza mumewe. Mimi niliita kikao. Niliwaita Baba Deno na Mama Deno, waliotusimamia harusi kanisani na ambao ndio hupelekewa kesi zetu, na nikamwita shangazi yake, Anti Rispa, anayeishi mtaa wa pili na ambaye hajawahi kuniamini tangu siku ya mahari. Nilitaka asikie yeye hasa. Nikapika chai, nikakaanga chapati (za mashahidi), nikaacha mlango wazi kwa sababu ya joto la jiko, na kusema ukweli kwa sababu ya majirani pia.

Baba Deno akaomba, akasema, "Haya, Mama Zawadi, tuko hapa. Sema."

Nikasema. Mungu wangu, nilisema. Nikasema mimi ndiye ninalisha nyumba hii kwa vidole vyangu, ona vilivyokatwa na uzi, na huyu bwana amekaa hapo na viatu vimeng'aa. Nikasema nina ushahidi, nikaigeuza kompyuta wakaona duara. Nje bombani hata ndoo haikugongwa. Nikamalizia kwa kusema kwamba kama mambo ni haya, mimi na Zawadi tunaenda kwetu Kakamega, na begi hilo hapo chini ya kitanda limefungwa. Na kweli lilikuwa limefungwa.

Baba Zawadi aliangalia lile duara kama mtu aliyeonyeshwa picha ya eksirei na kuambiwa ni yake.

Anti Rispa ndiye aliyevaa miwani. "Mwanangu, hapa kwa bwana yako naona nane. Ni nane gani?"

"Ni alizotuma, Anti."

"Shilingi nane?"

"Ndivyo kompyuta inasema." (Nilisema hivyo. Mbele za watu. Nilikuwa nimekolea, na zile sifuri zilizofuata ile nane nilizichukulia kuwa ni lile doa la kioo.)

"Alituma shilingi nane kwa simu, na wewe ukapokea, ukashukuru?"

Mama Deno akakohoa ndani ya kikombe.

"Hebu nionyeshe mnakotumia," akasema Anti. Nikafungua ukurasa wa matumizi, ambao sikuwa nimeurudia tangu niandike, na yeye akaupitia kwa kidole, taratibu, kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani. "Kodi ya nyumba, shilingi sita na senti hamsini." Akavua miwani. "Baba Deno, wewe unalipa kodi ngapi?"

"Mimi nitahamia hapa leo," akasema Baba Deno, na huko bombani wakapasuka, yaani kicheko kiliingia ndani kama maji.

Mume wangu akasogea, akafuta 8,000, akaandika 8000 bila mkato, polepole, kwa kidole kimoja. Akafanya hivyo kwa kila pesa aliyotuma. Na lile duara likaanza kugeuka mbele ya watu. Wekundu ukavimba, ukala robo, ukala nusu, ukapita, na kijani changu kikasinyaa kama sukuma wiki kwenye sufuria. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mfungue begi mkanywe chai," akasema Anti Rispa, akachukua chapati yangu.

Walipoondoka nikaingia kwenye zile setingi nilizokatazwa. Nikakuta kompyuta inaamini bado iko Ulaya, mahali ambapo mkato ndio hutenga senti na nukta ndiyo hutenga maelfu, kwa hivyo elfu nane yangu kwake ni nane na sifuri za mapambo. Nani alikaa akaamua hivyo, na kwa nini hakunipigia. Nikabadilisha, nikaweka Kenya, nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Namba mpya zikaingia sawa, lakini za zamani zilibaki zilivyo, kosa langu likiwa limehifadhiwa vizuri, na nikalazimika kuandika upya moja moja kila senti aliyolipia kodi yule mwanamume niliyemwita si kitu.

Sitaandika tena mkato kwenye kompyuta maisha yangu yote, na sitabonyeza "Endelea" mtoto akiwa kwenye poti. Lakini hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba nilikuwa na kesi ya kweli, nikaipeleka kwa wazee ikiwa imevaa nguo za uongo. Sasa nikimwambia kaa na mtoto Jumamosi hii, ananijibu kwa upole kabisa, huku akifunga kamba za viatu, "Umeangalia mkato?" Na bombani wanacheka.

Sawa. Wacheke. Siku moja nitawaita wale wale, Anti Rispa kiti cha mbele, mlango wazi. Kompyuta nitaifungia kabatini. Nitamkalisha Zawadi katikati na nimuulize baba yake swali moja: huyu mtoto halali bila kushika nini mkononi?

Nitanyamaza hapo, tumsubiri atutumie jibu.