Utabiri wa Ziwani Kutoka Xiaobei

Sijui mtu mwingine anayetoka nyumbani Guangzhou bila mwavuli, akalowa chapachapa, kisha akampigia simu mama yake aliye mbali kumhakikishia kwamba leo kwake hakuna mvua. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, tena kwa sauti ya mtaalamu.

Mwezi wa sita hapa hauna adabu. Asubuhi jua linachoma mpaka lami inanuka. Mchana ukitoka kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, wachukuzi wakikusukumia marobota yako kwenye toroli, mbingu inafunguka bila hata kupiga hodi. Viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Suruali ya jinzi ukiifua Jumapili, katikati ya wiki unaivaa ikiwa bado mbichi kiunoni, na unashukuru. Kwa hiyo hali ya hewa ya Guangzhou niliacha kuiuliza zamani. Itanyesha, basi.

Ninayoifuatilia ni ya ziwani. Mama yangu anaishi ufukweni mwa Ziwa Victoria, nje kidogo ya Mwanza, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliiezeka mimi nikiwa sijaanza shule. Bati zake zimeliwa na kutu. Masika iliyopita mama alihamisha kitanda kona hadi kona, mwisho akalala sebuleni, sufuria zikikinga matone pembeni yake. Aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikwenda kiwandani nikachagua bati za vigae, nyekundu iliyokolea, nikazipakia kwenye kontena. Zilifika salama, zikalazwa uani kwa mama chini ya turubai. Kilichobaki ni fundi kupata siku kavu za kufuatana, aezue za zamani, aezeke mpya, yote yaishe kiangazi hiki. Vuli ikiingia kabla hajamaliza, mama atakuwa amerudi kwenye sufuria zake.

Sasa mtu aliye Guangzhou hawezi kushika ngazi Mwanza. Nikajichukulia kazi moja inayowezekana kwa simu, nayo ni kusimamia mbingu. Kila siku nikimaliza kula cha mchana, huko ndiyo wanaamka. Nafungua utabiri wa Kanda ya Ziwa, naangalia upepo, naangalia mawingu, kisha napiga. Shikamoo, marahaba, halafu namsomea mama hali ya hewa ya mlangoni kwake. Naye anasikiliza kwa heshima zote, wakati angeweza tu kutoa kichwa dirishani.

Majirani zake wanaanika dagaa mchangani, na dagaa wakinyeshewa wanaharibika. Wakagundua kwamba mama anapata habari mapema. Nikaja kuambiwa kwamba asubuhi wakipita kwake hawasalimii kwanza, wanauliza, "China wamesemaje leo?" Sitaficha, nilivimba kichwa. Nimeuza mashuka, nimeuza taa, nimeuza mabegi ya shule, lakini sifa kama hiyo sijawahi kuipata.

Ukatoka utabiri wa msimu wa kipupwe. Kanda ya Ziwa: hali kavu kwa ujumla, baridi ya wastani asubuhi, upepo wa hapa na pale. Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yetu ndogo ya mizigo hapa mtaa wa Xiaobei, maji ya mvua yakinipita vifundoni, nikafurahi kama nimepewa zawadi. Nikampigia mama nikamwambia amwite fundi kesho yake.

Kesho yake mama akasema kuna wingu upande wa visiwani. Nikamwambia utabiri hauoni wingu. Akasema dalili ya mvua ni mawingu, utabiri utamfunza nini yeye. Siku iliyofuata wingu lilikuwa limesogea. Baadaye manyunyu. Baadaye radi, aliisikia mwenyewe. Ikapita wiki, ikaja nyingine, na kila nikipiga, ziwa la mama yangu lilikuwa na mvua ambayo simu yangu haikuwa na habari nayo. Nikabadilisha programu ya utabiri. Nikapakua ya pili na ya tatu, zote zikachora jua. Nilianza kuwa mkali hadi kwa watu wasiohusika. Kuna laoban mmoja, yaani bosi mwenye duka la mapazia, aliniambia "mei you", hakuna rangi hiyo, nikamjibu kama vile yeye ndiye aliyezuia nyumba isiezekwe.

Ofisi ninachangia na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika. Kazi yetu kubwa tukikosa wateja ni kubishana ziwa la nani ni ziwa. Yeye anasema langu ni dimbwi pana, mimi nasema lake ni mfereji. Siku hiyo nilikuwa namweleza kwa hasira kwamba hali ya hewa ya Mwanza imeharibika, wataalamu wanadanganya, na nitamtafuta fundi mwingine asiyeogopa manyunyu. Alikuwa anafunga robota kwa utepe. Hakuinua kichwa.

"Ma chère, mpenzi," akasema, "ile si mvua. Mama yako iko na kitu kwa roho."

Nikaona ananiletea mambo ya Uvira. Hata hivyo nikampigia fundi, mara ya kwanza moja kwa moja, maana kabla ya hapo kila kitu kilipitia kwa mama. Akapokea kwa uchangamfu, akaniita dada. Nikamuuliza mvua inamruhusu lini kuanza. Akasema huko haijadondoka hata tone tangu mwezi uanze, vumbi mpaka puani. Yeye kila asubuhi anafika na ngazi, na mama anamrudisha. Anamwambia, "Mwanangu China ameona mvua kubwa inakuja, tusithubutu kugusa bati."

Sikuamini, akanitumia video. Anga jeupe kabisa. Kanga za mama kwenye kamba zimekauka kukauka. Nyuma yake, mchangani, akina mama wanazoa dagaa haraka haraka na kuwatia kwenye magunia, jua limewawakia vichwani, mmoja wao anaangalia juu kwa mashaka. Walikuwa wanaikimbia mvua yangu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye boksi. Halafu hasira ikaja, na hasira yangu haina breki. Nikapiga simu muda ambao si wa kawaida yetu, bila kuangalia utabiri wowote. Shikamoo nilitoa, ila ya haraka. Nikamwambia mama, nimeona video, jua linawaka, bati zinakaa uani zinageuka makazi ya kenge, na wewe unanitangazia uongo kwa jina langu hadi watu wanaharibu siku nzima ya dagaa. Nikaendelea. Nikasema fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana najitahidi kwa simu usiku na mchana, angalau aniunge mkono. Nikamkumbusha friji niliyotuma, na godoro, na mapazia, na jiko. Mama aliniacha nimalize. Ana tabia hiyo, anakuacha umwage yote mpaka ujisikie.

"Friji ilikuja," akasema. "Godoro lilikuja, jiko lilikuja. Kila kitu ulichosema kitakuja kilikuja. Na wewe ulisema utakuja kuezeka."

Nilisema, kweli. Nilisema nikiwa nanunua zile bati, kwa namna ambayo mtu husema akiwa na furaha na haraka. Sikuwahi kulifikiria tena. Nilijaribu kusema kuhusu mizigo, kuhusu wateja, kuhusu kontena linalofungwa mwisho wa mwezi. Akanikatiza, si kwa ukali.

"Nikishaezeka, mwanangu, utakuja kufanya nini?"

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ile ya Guangzhou inayopiga vioo. Rafiki yangu wa Uvira aliniangalia mara moja, akaenda kusimama mlangoni akanipa mgongo, na nikamshukuru kwa hilo. Nililia kidogo, na sioni haya kusema. Kichwani nikawa napanga: kontena anaweza kulifunga yeye, ananijua, namjua. Tiketi ipo, ni uamuzi tu.

Mama akadhani simu imekatika. Akaita halo, halo.

Nikamwambia nipo. Nikamwambia awaruhusu majirani waanike dagaa zao, kwa dagaa hali ni nzuri kabisa. Ila fundi amrudishe tena kesho na ngazi yake, maana kwenye paa lake naiona mvua kubwa sana.

Akauliza, sauti imebadilika, "Itakatika lini?"

"Nikishatua Mwanza, mama."