Ferista na Samaki Wasiopita Bomba

Jua linachungulia mgongoni mwa vilima vya Mbozi, na mto unafuka mvuke taratibu, kama unaota. Ferista Nzunda, 47, anaingia majini hadi magotini, anakunja mkono na kuchovya kiwiko, vile mama anavyopima maji ya mtoto mchanga.

"Bado ya moto," anasema. "Na hii ni Juni, hata mbuzi wanatetemeka."

Joto hilo halitoki juani. Hatua chache juu yake, bomba la kiwanda linamwaga maji yaliyotoka kupooza mitambo. Ni maangavu, hayana harufu. Ndiyo maana hakuna aliyeyaogopa.

Ferista hutega migono, vikapu virefu vya matete alivyofundishwa kusuka na baba yake. Juni iliyopita, baridi ilipobana, samaki aina ya perege walijaa mbele ya bomba kuota joto. Wategaji wote wakahamishia mitego hapo, ikawa inajaa kila asubuhi.

"Shemeji yangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda," anakumbuka akicheka. "Tukaitikia amina, tena kwa nguvu!"

Kisha kiwanda kikazimwa kwa matengenezo. Maji yakapoa ghafla. Asubuhi perege waliozoea joto walikuwa wakielea matumbo juu, weupe, kama maua ya kahawa yaliyopukutishwa na upepo.

"Mto haukuwa umezaa zaidi," anasema Ferista. "Uliwakusanya tu."

Msiba haukuishia hapo. Kiwanda kilipowashwa tena, ningu, samaki wanaopanda mto mvua za kwanza zinaponyesha, walifika kwenye maji ya moto wakageuka kurudi chini. Upande wa juu wa mto, kupita bomba, Ferista aliyezoea ningu thelathini kwa asubuhi moja hakupata hata mmoja. Na mto, niseme wazi, si karai la mtu kumwagia anachotaka.

Leo anang'oa migono yake yote kumi na miwili kutoka kwenye joto aipeleke upande wa juu, ili perege wachache waliobaki wazaliane. Ukingoni, shemeji yake Osward anamtazama.

"Shemeji, unakimbia supu iliyojichemsha yenyewe?"

"Inywe wewe. Mwakani utatega vyura."

Osward anacheka, kisha sauti inashuka. "Na huko juu ukikosa, watoto watakula nini?"

Ferista anabana mgono kwapani, maji yakimchuruzika. "Mahindi yapo kidogo. Tutajibana."

Baada ya wategaji kwenda kulalamika ofisini mara tatu, kiwanda kimekubali kuchimba bwawa la kupoozea maji kabla hayajaingia mtoni. Shimo limefika nusu. Likikamilika kabla ya mvua za Desemba, Ferista atatega mgono mmoja tu juu ya bomba.

"Akiingia ningu mmoja, nitajua njia imefunguka."

Atamuuza sokoni Mlowo?

Anatikisa kichwa, macho yakifuata mkondo kule unakotokea. "Nitamgeuza kichwa kielekee juu, nimwachilie. Ana safari yake."