Kifurushi chenye Fundo la Paa

Mkamwana wangu hapa Rwamishenye ananiona mkorofi. Kila asubuhi ya shule naamka kabla yake, namenya ndizi, nazichemsha na maharage, kisha nawafungia wajukuu chakula cha moto kwenye majani ya mgomba. Yeye angewapa mkate. Mkate ni mwepesi, hauchafui begi, na watoto wenyewe wanaupenda. Namwambia mkate mkavu si chakula, ni kitu cha kumsubirisha mtu wakati chakula kinaiva. Ananyamaza kwa heshima, lakini najua moyoni anasema mama mkwe ana vituko. Sijawahi kumweleza sababu, kwa kuwa siri yenyewe haikuwa yangu peke yangu.

Nilikuwa darasa la nne, kule Buganguzi, wakati ujamaa ulikuwa wimbo wa kila mkutano. Mama alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua, na tuliambiwa atakaa huko miezi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja siku ya pili yake. Akambeba mdogo wangu mgongoni, akamfunga vizuri kwa kanga, kisha akanitazama mimi.

"Huyu naye aache shule," akamwambia baba. "Nani atakupikia? Msichana akijua kusoma barua inatosha."

Kwetu shangazi akisema jambo juu ya watoto wa kaka yake, limesemwa. Na mwaka ule tulikuwa na mtihani wa kuingia darasa la tano. Aliyeshindwa alirudi nyumbani kushika jembe, na wasichana tulikuwa tumebaki wanne tu darasani. Baba akakuna shingo.

"Atapika, dada," akasema. "Na shule ataenda."

"Vyote viwili? Haya. Siku nikisikia jiko limemshinda, namchukua."

Lingenishinda, nalijua hilo hata leo. Shule ilikuwa mwendo wa saa nzima. Kuteka maji, kumenya, kusubiri maharage yaive, kisha kufika kabla ya kengele, hayo mtoto wa umri wangu asingeyaweza. Nililia mpaka nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi niliamka nikasikia mtu anakohoa jikoni kwa moshi. Alikuwa baba, amechuchumaa, kisu mkononi, ndizi mapajani. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa pia fundi wa kuezeka, na nyumba nyingi za nyasi pale kijijini zilikuwa kazi ya mikono yake. Mwanamume wa Kihaya wa siku zile akionekana anamenya ndizi, alikuwa amejitakia kutungiwa wimbo kwenye pombe ya rubisi, na wimbo huo ungemfuata mpaka mkutanoni.

"Tata, unafanya nini?"

"Wewe ndiye unayepika," akanijibu bila kugeuka. "Ukiulizwa, umepika. Nenda ukanawe, kisha usome lile somo la jana."

Alipika vibaya, Mungu amrehemu. Hakujua kupaka mafuta mikononi, kwa hiyo ndizi zilitoka nyeusi kwa utomvu na vidole vyake vikawa vyeusi vilevile. Chumvi alitia kwa kukisia, na hakuwa mkisiaji. Lakini alikuwa na imani moja: mtoto asile kilichopoa. Alibabua majani motoni mpaka yakalegea, akafunga chakula mara mbili, akakizungushia majani makavu ndani ya kikapu. Nilikikumbatia kifuani njia nzima, kwenye ukungu ule wa Muleba, na saa sita nikikifungua kilikuwa bado kinatoa mvuke. Nilikula peke yangu nyuma ya darasa, nikidhani siri iko salama.

Mwalimu wetu ndiye aliyeiharibu, bila nia mbaya. Siku moja alitangaza kwamba watoto wa ujamaa hawali kwa kujificha. Tukatandika majani kwenye nyasi, vifurushi vyote vikawekwa mstari mmoja, kila mmoja akafungua cha jirani yake ili tugawane. Changu kilimwangukia binti wa shangazi, tuliyekaa naye dawati moja. Akavuta kamba, haikuachia. Akavuta tena. Akina mama hufunga kifurushi kwa kuizungusha kamba ya mgomba na kuichomeka tu, ukivuta ncha inafunguka. Changu kilikuwa kimekazwa kwa meno.

"Hili si fundo la chakula," akasema kwa sauti. "Hili fundo la paa! Nani kakufungia?"

"Nimefunga mwenyewe."

"Wewe umeezeka nyumba ya nani?"

Darasa zima likacheka. Nilijua jioni ile shangazi ataambiwa, nami nitakuwa nimemaliza shule. Tena baba angechekwa kwa ajili yangu, na hilo liliniuma kuliko shule. Jioni sikumwambia kitu. Niliogopa.

Kesho yake shangazi alifika umande haujakauka. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni mwa jiko na kumkuta mdogo wake, balozi, amejifunga kitenge cha mama kiunoni, anapuliza moto. Nilitegemea baba ainuke, atoe uongo wowote. Hakuinuka.

"Mtihani umebaki wiki tatu, dada," akasema. "Akipika yeye, nani atasoma?"

Shangazi akatazama vidole vyeusi vya baba. Akaingia, akaketi chini, akachukua kifurushi kilichokuwa tayari na kukata lile fundo kwa kisu.

"Ukitaka kudanganya watu, danganya vizuri," akamwambia. "Tazama. Unazungusha, unachomeka. Fanya wewe nione."

Baba akajaribu mara nne mbele yake, kwa vidole vile vilivyozoea paa, mpaka akapata. Shangazi akaonja ndizi, akakunja uso, akamwambia apunguze chumvi. Kisha akaondoka, na sijui alimwambia nini binti yake, lakini pale dawatini hakulitaja tena fundo lile. Mtihani nilifaulu. Mama alirudi mzima, na hata yeye aliambiwa kwamba nilikuwa mpishi.

Baba alizikwa katikati ya migomba yake, miaka mingi baadaye. Walisema mengi juu ya ubalozi wake, kahawa yake, nyumba alizoezeka. Jiko halikutajwa na mtu. Mimi nilikuwa mwalimu mjini kwa wakati ule, na siku nilipoondoka baada ya mazishi, shangazi, sasa mzee sana, macho yakiwa yamefifia, alinisindikiza mpaka njiani, akanipa kifurushi cha ndizi za moto. Nikakiweka mapajani ndani ya gari, joto lake likapenya kwenye nguo.

Njaa iliponishika nilivuta kamba, haikuachia. Nikavuta tena. Nikalazimika kutumia meno, na abiria wenzangu wakashangaa mama mzima analia juu ya kifurushi cha ndizi.